Kumi na Tano Toa Sita Jumlisha Nne

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, ukikitia kwenye mkoba husikii kama umebeba kitu. Kurasa hazifiki mia, fotokopi tupu, jalada la karatasi ya bluu, pini mbili ubavuni. Mhadhiri wetu wa Jumamosi alituambia kila mtu akatoe nakala yake na akimalize ndani ya mwezi mmoja, kabla hajaanza kutufundisha kalkulasi. "Humu mna hesabu za kawaida tu," alisema. "Namba, sehemu, vipeo, milinganyo midogo midogo. Vitu mlivyojifunza zamani mkavisahau."

Nilinuna, sitaki kudanganya. Nina miaka arobaini na saba. Kabla ya kuingia kiwanda cha mabomba ya plastiki kule Masoro nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka kumi na moja, na somo langu lilikuwa hesabu. Nimesimama mbele ya watoto sitini, chaki mkononi, sauti imenikauka. Leo hii niambiwe nikajikumbushe kujumlisha? Na anayeniambia ni kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinaota! Nikajisemea moyoni, huyu hajui anaongea na nani.

Chuoni nilikwenda kwa sababu ya kazi. Kiwandani kazi yangu ni kupima unene wa mabomba na kuyakataa yaliyo membamba, na mkuu wetu wa ubora anakaribia kustaafu. Bosi aliniambia wazi kuwa kiti kile angependa nikikalie mimi, lakini kinataka shahada. Basi nikajiandikisha masomo ya mwisho wa wiki, nikakaa darasani na watoto wanaoniita mama, na nikaona kwenye orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza lile neno kalkulasi limeandikwa kwa herufi nzito. Niliogopa kalkulasi. Kile kitabu cha bluu sikukiogopa hata kidogo.

Nilikianza Jumatatu saa ya chakula, nimekaa nyuma ya ghala kwenye vichanja vya mbao, sahani ya wali na isombe, yaani kisamvu, pajani. Sura ya kwanza ilihusu kipi kifanywe kwanza pale kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya vinapokutana kwenye mstari mmoja. Nikafanya maswali ishirini huku natafuna. Kisha nikageuza nyuma kwenye majibu ili nijipongeze.

Swali la saba: ishirini toa nane jumlisha tano. Mimi nimeandika saba. Kitabu kinasema kumi na saba.

Nikacheka peke yangu. Loo, hata vitabu vya chuo siku hizi vinachapwa ovyo ovyo! Nikatoa kalamu nyekundu, maana mwalimu haachi kalamu nyekundu hata akiacha kazi, nikaikata ile kumi na saba na pembeni nikaandika: kosa la chapa. Swali la tisa, hivyo hivyo. La kumi na mbili, hivyo hivyo. Makosa matatu ukurasa mmoja! Nikakifunga kitabu na kurudi kwenye mabomba yangu nikiwa na furaha mbaya, ile ya mtu aliyemkamata mkubwa akikosea.

Jumamosi nilisubiri darasa lijae, nikanyoosha mkono na nikasimama kabisa. Ningeweza kumfuata pembeni, lakini nilitaka wote wasikie.

"Mwalimu, samahani. Hiki kitabu ulichotuchagulia kina makosa. Swali la saba, jibu ni saba."

Mhadhiri akaandika ubaoni: 20 − 8 + 5. Akaniomba nieleze. Nikaeleza kwa sauti yangu ya zamani, ile inayofika dirishani, kwamba kwa kanuni ya BODMAS mabano huja kwanza, kisha kugawanya, kisha kuzidisha, kisha kujumlisha, na kutoa ni mwisho. Kwa hiyo nane na tano ni kumi na tatu, ishirini toa kumi na tatu ni saba. Watoto wameshatoa simu. Binti aliyekaa karibu nami akanivuta kiwiko. "Mama," akaninong'oneza, "simu inasema kumi na saba."

"Basi iangalie vizuri hiyo simu yako, iko na shida."

Darasa likaangua kicheko. Mhadhiri hakucheka, na kwa hilo namshukuru. Alisema, "Mama, kujumlisha na kutoa ni ndugu waliolingana, hakuna mkubwa hapo. Unaanza kushoto, unakwenda kulia, unachokikuta kwanza ndicho unachokifanya. Kuzidisha na kugawanya ni vile vile. Zile herufi za BODMAS zimepangwa hivyo ili zitamkike tu. A ya kujumlisha kuwa mbele ya S ya kutoa hakuifanyi kuwa bosi wake."

Nikakaa. Uso ulikuwa unaniwaka, lakini aibu ile ingepita; nimeaibika mara nyingi maishani na bado nakula nikashiba. Kilichonishika ni kingine. Mhadhiri alipogeuka kufuta ubao, niliona ubao mwingine, wa shule yetu Nyamirambo, na mtoto wa miaka kumi na miwili amesimama mbele yake akilia bila sauti. Ubaoni kwa mwandiko wangu: 15 − 6 + 4. Mtoto yule ni binti wa kaka yangu. Alikuwa ameandika kumi na tatu, na mimi nilimwekea mkasi, ile alama nyekundu ya kosa.

Yarabi, nilikifunga kile kitabu pale pale darasani.

Niseme ilivyokuwa. Mimi na kaka yangu tulisoma kwa Kifaransa, kama watu wote wa rika letu waliokulia hapa. Hesabu tulifundishwa kwa Kifaransa, na hatukuwa na BODMAS; tulikwenda kushoto kulia, basi. Nilipopata ualimu nikafundisha hivyo hivyo miaka kadhaa. Halafu shule zikahamia Kiingereza. Tukiwa likizo tukaitwa semina, sisi wazee wa Kifaransa, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda kifuani, tukajifunza kuita vitu upya. Jumlisha inaitwa hivi, toa inaitwa hivi. Ndipo nikalisikia neno BODMAS. Mwalimu mwenzangu aliyekulia Tanzania akasema, ah, hiyo ni MAGAZIJUTO yetu tu. Mimi sikujua hata hiyo. Nililinakili lile neno kwenye daftari, herufi moja chini ya nyingine, na kila herufi nikaipa namba. Aliyetufundisha labda alieleza sawasawa. Sikumbuki, na siwezi kumsingizia. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa na hofu kubwa ya kuonekana mshamba wa Kifaransa, nikaamua kila nilichokijua zamani nikitupe. Niliamini Kiingereza kimekuja na hesabu zake.

Na ndicho kinachoniuma mpaka leo: kwamba nilikuwa najua. Kama nisingejua ningesema ujinga si dhambi. Lakini nilikuwa na jibu sahihi kichwani tangu utotoni, nikalitoa kwa mkono wangu kwa kuona haya.

Utauliza, ilikuwaje nisigundue? Ni rahisi. Mara nyingi kwenye maswali alama ya kujumlisha hutangulia. Nane jumlisha tano toa tatu ni kumi, ukienda kwa njia yangu au ya kweli. Swali la kunifichua lilitokea mara moja moja, na likitokea watoto wananifuata mimi. Wangemfuata nani?

Binti wa kaka alikuwa darasani kwangu la tano na la sita. Alikuwa mwepesi wa hesabu kupita kiasi, anamaliza kabla sijageuka. Wakati ule barabara za mjini zilikuwa zinachimbwa na kutiwa lami kila upande, na yeye akitoka shule anasimama kuangalia wapimaji na vifaa vyao vya miguu mitatu. Alisema atakuwa mhandisi wa madaraja. Nilimpenda kama wangu, maana Mungu hakunipa. Na kwa kuwa nilimpenda, darasani nilimkaza kuliko wote, ili watu wasiseme shangazi anapendelea. Akikosea mwingine, namwambia rudia. Akikosea yeye, nasimamisha somo.

Siku ile nilimwita mbele. "Nani kakufundisha kumi na tatu?"

"Baba."

"Baba yako ni fundi cherehani. Hiyo ni hesabu ya Kifaransa. Hapa tunafanya ya Kiingereza."

Akasema, kwa adabu kabisa, mikono nyuma, "Lakini mwalimu, kama nina machungwa kumi na tano, nikala sita, halafu nikapewa manne..."

Sikumwacha amalize. Niliona watoto wote wananitazama, na kwa sekunde moja machungwa yale niliyaona na mimi. Wallahi niliyaona! Nikayafukuza. Nikaligeukia darasa nikauliza jibu ni ngapi, wakajibu kwa pamoja, kwa Kiingereza, tano. Nikasema sauti zaidi. Tano! Nikawaambia waendelee mpaka mwenzao asikie. Watoto sitini, wanapiga madawati, tano, tano, tano, na yeye amesimama katikati ya kelele ile na daftari kifuani. Nilipowanyamazisha nikampa chaki. Akaandika tano. Nikamwambia, unaona, kiburi hakikusaidii kitu.

Wiki ile ile kaka yangu alipita kwangu baada ya sala ya alasiri. Kaka ana desturi yake: siku niliyopata cheti cha ualimu aliacha kuniita jina langu, akaanza kuniita Mwalimu, hata mbele ya watu dukani kwake. Katika ukoo wetu wa mafundi na wachuuzi mimi ndiye wa kwanza kushika chaki. Nikampa chai na maandazi. Akala, akazungumza habari za mvua, kisha akalitoa daftari la mwanawe kwenye mfuko wa koti na kuliweka mezani taratibu.

"Mwalimu, hii siku hizi inafanywa namna hii?"

Nikatazama. Mkasi wangu mwekundu, mkubwa. "Ndiyo, kaka. Mambo ya Kifaransa yameisha."

Alilitazama daftari kitambo. Yeye kila siku anapima, anakata, anaongeza pindo. Hesabu ile angeifanya usingizini. Akalikunja, akalirudisha mfukoni. "Haya. Nyie ndio wasomi," akasema, akacheka, tukarudi kwenye mvua.

Mwisho wa mwaka ule wakafanya mtihani wa taifa wa kumaliza la sita, darasa la mwisho la msingi. Binti alipata alama nzuri, lakini hazikufika za kupelekwa shule ya bweni aliyoiomba, ile ya sayansi. Alikosa kwa alama chache, tukaambiwa, chache mno. Akaenda shule ya kutwa ya karibu, na huko mchepuo wa hesabu haukuwepo. Akasoma alichokikuta. Leo anaishi Kibagabaga, ameolewa, ana mtoto mmoja, anashona mapazia ya watu wenye madirisha makubwa. Hana shida. Kila Idi ananiletea kitambaa. Daraja hajajenga.

Baada ya Jumamosi ile niliendelea na kitabu cha bluu, ningefanyaje? Lakini sasa nilikisoma nikiwa nimenyenyekea. Kila kanuni niliijaribu kwa machungwa kwanza. Niligundua sehemu nazijua vizuri, vipeo nilikuwa nimevisahau, na namba hasi zilikuwa bado zinanichanganya. Nyuma ya ghala, wali ukipoa, nilikuwa nafanya hesabu nyingine pembeni mwa ukurasa: watoto sitini mara miaka niliyofundisha kwa Kiingereza. Nikiifikia mwisho naifuta. Wale wengine nitawapata wapi? Wametawanyika, wengine siwajui tena sura. Lakini huyu mmoja najua hata kengele ya geti lake inavyolia.

Na bado sikwenda. Wiki ya kwanza nilisema nina zamu. Wiki ya pili nilisema ni mvua. Nikaanza kujitetea kama wakili: swali moja haliwezi kumwangusha mtoto, tena nani anajua kama swali la namna ile lilitoka? Labda aliangushwa na somo jingine. Labda siku ile alikuwa anaumwa. Niliyasema yote hayo nikiwa nasugua sufuria, kwa sauti, peke yangu jikoni, na sikujiamini hata neno moja. Nilikuwa mwoga, basi. Yule mwanamke aliyesimama mbele ya darasa zima kumsahihisha mhadhiri hakuwa na ujasiri wa kupanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Kibagabaga.

Jumapili ya mwisho kabla kalkulasi haijaanza, kitabu nilikuwa nimekimaliza. Nikasema, siwezi kufungua jipya na hili likiwa limenikaa kooni. Nikavaa, nikasimamisha moto.

Nilimkuta sebuleni, amezungukwa na kitambaa cha rangi ya maziwa kimejaa sakafuni kote, mtoto wake amelala kwenye kochi. "Karibu shangazi! Pita huku, usinikanyagie pazia la watu." Akataka kunyanyuka kuniwekea chai, nikamwambia kaa. Sauti yangu lazima ilikuwa mbaya kwa sababu alikaa mara moja.

Nikamwambia yote. Kitabu, kalamu nyekundu, mhadhiri, simu ya yule binti. Nikamwambia kumi na tano toa sita jumlisha nne ni kumi na tatu, na ilikuwa kumi na tatu siku ile, na mimi nilimsimamisha mbele ya wenzake wakampigia kelele kwa jibu lililokuwa sahihi. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, na kwamba ni mimi niliyemwita mwenye kiburi wakati kiburi kilikuwa changu. Nililia. Sikukusudia, lakini nililia.

Yeye akacheka, kicheko cha upole, akanipa kipande cha kitambaa nifute uso.

"Shangazi, si nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni kumi na tatu. Baba alirudi kutoka kwako akaniambia, jibu lako liko sawa, lakini daftarini andika anavyotaka shangazi yako. Alisema wewe ndiye mwalimu wetu sote, tukikuaibisha tumejiaibisha wenyewe. Akanifundisha zote mbili. Hii ya kweli, hii ya shangazi."

Nilipigwa na butwaa. Kaka yangu na tabasamu lake na maandazi yangu! Miaka yote hii ananiita Mwalimu. Lakini chini ya aibu ile kitu kingine kilikuwa kinapanda, na nitasema ukweli kilikuwa nini: ilikuwa furaha. Kama mtoto alijua, basi sikumharibia. Daftarini aliandika yangu, kwenye mtihani aliandika ya kweli, na alama zilizopotea zilipotea kwingine. Nilivuta pumzi mpaka chini, pumzi ya kwanza kamili kwa mwezi mzima.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Kumbe kwenye mtihani uliandika sawa."

Aliokota sindano, akatia uzi, ukamshinda, akaulowesha mdomoni na kutia tena.

"Swali kama lile lilitoka?" nikauliza.

"Yalitoka mawili."

"Ukaandika kumi na... ukaandika ya kweli?"

"Niliandika yako, shangazi."

"Kwa nini? Si ulijua? Mimi sikuwepo pale!"

Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu niingie hakuwa anatabasamu.

"Nilikuwa mtoto," akasema. "Nilidhani ni wewe utakayesahihisha."